Rugezi: Kinamasi kilipokauka, nchi ikaingia gizani

Na Mwandishi Maalumu, Rubavu

WATU wengi wakitaja mapumziko ya Gisenyi huwa na maana moja tu: ufukwe wa Ziwa Kivu, kivuli cha mitende, sahani ya sambaza za kukaanga na kinywaji baridi wakati jua linazama upande wa Kongo. Si vibaya. Ziwa hili lililoko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari halina mamba wala kiboko, na anayetoka kwenye pilikapilika za Kigali au kwenye foleni ya mpakani hupata hapa mahali pa kunyoosha miguu.

Tatizo ni kwamba sisi tunaoishi kwa mpaka tumezoea kuiona nchi kwa jicho la mzigo. Musanze kwetu ni viazi mviringo, ambavyo huku tunaviita ibirayi. Burera ni maharage. Nyabihu ni maziwa. Tunakwenda usiku, tunapakia, tunarudi kuwahi mpaka, na hatujui kilichoko nyuma ya kilima tulichopakilia.

Ndiyo maana, katika mapumziko ya wiki moja ya familia hapa Gisenyi, niliamua kutoa siku mbili kwenda kuangalia kinamasi cha Rugezi, wilayani Burera, Mkoa wa Kaskazini. Nilifuatana na shemeji yangu, mama anayeuza viazi na vitunguu Goma kupitia Petite Barrière tangu watoto wake wakiwa mgongoni. Aliponiuliza tunakwenda kununua nini, nilimwambia hatununui kitu, tunakwenda kuona tope na ndege.

"Shemeji," akasema, "yaani tuache ziwa zuri hivi twende kuona tope?"

Swali lake lilikuwa la haki, na nadhani wasomaji wengi wangeuliza hilo hilo. Jibu lake linahusu bili ya umeme, bei ya dizeli, mafuriko ya mto Sebeya na kipande cha shamba cha mama mmoja wa Burera. Ndege nao wamo, lakini hawako peke yao.

Safari ya kupanda

Tuliondoka Gisenyi saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya lami kupitia Mukamira hadi Musanze, mji ambao wakongwe bado wanauita Ruhengeri, ni kilomita 60 hivi. Kutoka hapo tulishika njia ya Cyanika inayoelekea mpaka wa Uganda, tukakata kulia pale Kidaho. Muda si mrefu Ziwa Burera likajitokeza chini yetu, likiwa limeingiza maji yake kati ya milima kama vidole vya mkono. Barabara inalizunguka ziwa hadi Butaro, mahali ambapo wengi hupajua kwa ajili ya hospitali yake iliyofunguliwa mwaka 2011, inayotibu wagonjwa wa saratani kutoka pande zote za nchi.

Jambo moja linaweza kumchanganya mgeni, hasa sisi tuliorudi kutoka Tanzania. Watu wa Butaro watakwambia habari za Rusumo. Usidhani wanataja Rusumo ya daraja la mpakani, ile ambayo wengi wetu tuliivuka na vifurushi vichwani tukirejea nyumbani. Hii ni Rusumo nyingine, maporomoko ambapo maji ya Rugezi yanaanguka kuelekea Ziwa Burera. Kwa ukubwa wa maji haifikii ile ya mpakani, lakini kwa miaka mingi nchi iliitegemea bila kuijua.

Tulilala Butaro. Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado umetanda bondeni, tulipanda mtumbwi wa mbao wa mzee mmoja wa miaka sitini hivi, aliyejifunza Kiswahili akifanya biashara Kisoro na Bunagana. Mimi na shemeji tulikaa katikati, mzee akasimama nyuma akisukuma kwa upondo.

Kwa dakika za mwanzo hakuna aliyesema neno. Maji ya Rugezi yana rangi ya chai ya rangi. Pande zote mbili kuna majani marefu yaliyosongamana, na mahali pengine mafunjo, ambayo Kinyarwanda huyaita urufunzo. Ukiyatazama kwa mbali utadhani yameota kwenye ardhi ngumu. Mzee alitushusha pembeni tukakanyaga, na ardhi ikatetemeka kama godoro. Tulikuwa tumesimama juu ya mkeka wa mizizi na majani unaoelea. Mzee alichomeka upondo wake kando ya mkeka huo, ukazama karibu wote bila kugusa kitu kigumu.

"Hapa chini," akasema, "kuna maji ya mababu."

Tangi lililo juu ya mlima

Maneno ya mzee yana ukweli wa kitaalamu. Rugezi iko katika bonde la juu sana, kiasi cha mita 2,050 juu ya usawa wa bahari, na eneo lake linalolindwa ni zaidi ya hekta 6,700. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Burera na Gicumbi inayolizunguka bonde hilo huishia humo. Majani yanayokufa hayaozi yakaisha, kwa sababu chini ya maji hakuna hewa ya kutosha. Yanalundikana mwaka hadi mwaka na kuwa udongo mweusi laini, ambao kwa Kinyarwanda huitwa nyiramugengeri. Udongo huo hufyonza maji kama sponji na kuyaachia kidogo kidogo.

Kwa hiyo mvua ikinyesha kwa fujo mwezi wa nne, maji hayashuki yote siku hiyo hiyo. Na jua likiwaka mwezi wa saba, maporomoko ya Rusumo bado yana maji ya kumwaga.

Sasa fuata maji hayo. Kutoka Rugezi yanaanguka hadi Ziwa Burera, lililoko mita 1,862. Pembeni yake kuna ziwa pacha, Ruhondo, lililo chini kwa mita 100 hivi. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo Wabelgiji waliyoiona walipojenga kituo cha umeme cha Ntaruka mwaka 1959: maji yanashuka kwa bomba kutoka Burera kwenda Ruhondo na kuzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 11.25. Yakitoka Ruhondo yanaendelea hadi kituo cha Mukungwa, kilichojengwa mwaka 1982, chenye megawati 12. Tone moja la mvua ya Rugezi linafanya kazi mara mbili kabla ya kuingia mto Mukungwa, halafu Nyabarongo, na mwishowe Akagera na Ziwa Victoria.

Shemeji alisikiliza maelezo haya akitikisa kichwa. Anajua mambo ya ghala. "Kwa hiyo hili ni stoo," akasema. "Mzigo unaingia kwa wingi, unatoka kwa kipimo."

Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Giza la mwaka 2004

Wasomaji waliokuwa nchini mwaka 2004 watakumbuka mgawo wa umeme. Saluni zilifungwa mchana, mashine za kusaga zikasimama, wenye friji za vinywaji wakauza soda za moto. Wengi tulilaumu shirika la umeme la wakati huo, Electrogaz, wengine wakalaumu mvua. Ni wachache waliotazama juu, kwenye kinamasi.

Kilichotokea ni hiki. Nchi ilikuwa imejaa watu, ardhi haitoshi, na kila bonde lilionekana kama shamba linalosubiri mwenyewe. Rugezi haikuachwa. Mifereji ilichimbwa ili kukausha sehemu za kinamasi, na njia ya kutokea maji ikakatwa zaidi ili yashuke haraka. Watu wakalima ndani, na kwenye milima ya pembeni wakalima hadi kileleni bila matuta. Udongo ukashuka bondeni. Stoo ikatobolewa chini, na juu ikajazwa takataka.

Haikuwa sababu peke yake. Mvua za miaka hiyo zilikuwa chache, kituo cha Ntaruka kilikuwa kikichota maji mengi kuliko yaliyokuwa yakiingia ziwani, na matengenezo ya mitambo yalikuwa duni. Lakini kinamasi ndicho kingesaidia kuvuka ukame huo, nacho kilikuwa kimechoka. Kina cha Ziwa Burera kilishuka sana, na Ntaruka ikazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Kwa kuwa vituo hivyo viwili vilikuwa mhimili wa umeme wa nchi, Serikali ililazimika kukodi majenereta ya dizeli.

Dizeli haichimbwi Burera. Inatoka baharini, inapita Mombasa au Dar es Salaam, inasafiri kwa malori zaidi ya kilomita elfu moja. Kila mfanyabiashara anajua maana yake. Bei ya umeme, iliyokuwa faranga 42 kwa uniti, ilipanda hadi kuvuka faranga 80 mwaka 2005, na mwaka 2006 ikafika faranga 112. Aliyelima viazi vitamu kinamasini alipata magunia yake machache, na nchi nzima ikalipa tofauti.

Serikali ilichukua hatua kali. Sheria ya mazingira ya Aprili 2005 iliweka ulinzi kwa vinamasi, na tarehe 1 Desemba 2005 Rugezi pamoja na maziwa ya Burera na Ruhondo viliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971. Kilimo ndani ya kinamasi kikapigwa marufuku. Mianzi na majani ya mifugo vikapandwa kandokando kuwa ukanda wa kuzuia udongo. Milimani yakachimbwa makinga maji na matuta. Maji yakarudi taratibu, Ntaruka ikarejea kazini, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo.

Siku hizi nchi ina vyanzo vingi zaidi. Kuna kituo cha Nyabarongo cha megawati 28, kuna gesi ya Ziwa Kivu ambayo mtambo wa KivuWatt pale Karongi huigeuza kuwa megawati 26, na kuna Rusumo ile ya mpakani, yenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Rugezi haibebi tena mzigo ule wa zamani peke yake. Lakini umeme wake bado ni wa maji, hauhitaji lori la dizeli, na mto Nyabarongo nao unapokea maji yanayotoka huku.

Ndege wa bendera

Jua lilipopanda na ukungu kuondoka, mzee aliinua mkono tunyamaze. Mbele yetu, kwenye majani mafupi, walisimama ndege wawili warefu, karibu mita moja kila mmoja, wenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu kichwani. Ni umusambi, yule anayeitwa korongo taji, ndege aliye kwenye bendera ya Uganda. Mmoja alifungua mabawa, akainamisha shingo, akaruka juu kidogo na kutua. Mwenzake akamjibu. Walicheza hivyo kwa muda, kisha wakaendelea kutafuta wadudu na mbegu kana kwamba hatupo.

Umusambi hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne, juu ya kiota cha majani katikati ya kinamasi. Baba na mama hupokezana kuatamia kwa karibu mwezi mzima. Kiota kikikauka pembeni, mbwa na watoto wachungaji wanakifikia. Ndiyo maana kinamasi kikilimwa ndege huyu hupotea hata kama hakuna aliyemwinda.

Na hakupotea kwa kilimo tu. Tukubaliane kwamba wengi wetu tumewahi kumwona umusambi akitembea kwenye bustani ya hoteli au ya tajiri, mabawa yamekatwa asiruke. Ilikuwa fahari ya nyumba. Ndege huyu ni nadra kuzaa akiwa kifungoni, kwa hiyo karibu kila mmoja uliyemwona bustanini alikuwa ametolewa kinamasini akiwa kifaranga, akapita mikononi mwa wauzaji. Tangu mwaka 2012 anahesabiwa duniani kuwa yuko hatarini kutoweka.

Daktari wa mifugo wa Rwanda, Olivier Nsengimana, alianza kazi ya kuwarudisha. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Rolex kwa mpango huo, kisha akaanzisha shirika la kuhifadhi wanyamapori linalojulikana kwa kifupi RWCA. Badala ya kuwatisha watu kwa jela, wenye ndege nyumbani waliombwa wajitokeze bila kuadhibiwa. Ndege walioweza kuruka walipelekwa Hifadhi ya Akagera kuzoea porini. Walemavu wasioweza kuruka tena walitengewa makazi katika kinamasi kilichofufuliwa jijini Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata ndege wasiofika 500. Hesabu za miaka ya karibuni zimevuka 1,000.

Rugezi ina ndege mwingine ambaye hatukumwona, tulimsikia tu. Ni mdogo, wa rangi ya kahawia, anajificha ndani ya majani na kupiga kelele kubwa kuliko mwili wake. Wataalamu humwita Bradypterus graueri. Duniani kote anaishi katika vinamasi vya milima ya Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo tu, na Rugezi ni moja ya ngome zake kuu. Mpaka wa Gatuna au wa Bunagana haumhusu. Anachotaka ni majani yaliyosimama ndani ya maji.

Nani alilipa?

Tuliporudi nchi kavu tulimkuta mama mmoja mwenye umri wa kama miaka sabini akikata majani ya ng'ombe kwenye ukanda uliopandwa kandokando ya kinamasi. Shemeji alimsalimia kwa heshima, akamsaidia kufunga mzigo, na mazungumzo yakaanza. Kabla ya marufuku, mama huyo alilima viazi vitamu bondeni. Alionyesha kwa mundu mahali shamba lake lilipoishia. Sasa pamefunikwa na majani na maji, na pale ndipo tulipowaona wale ndege.

"Walituambia kinamasi ni cha wote," alisema. "Faida ni ya wote, mwanangu. Hasara ilikuwa ya kwangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma risiti. Alieleza kwamba ng'ombe wake anakula majani ya ukanda huo, kwamba matuta ya kilimani yamemwongezea mavuno ya viazi mviringo, na kwamba zamani mvua kubwa ilikuwa ikimshushia udongo mpaka mlangoni. Hayo aliyakubali. Lakini msimu wa kiangazi, shamba la bondeni ndilo lililokuwa likiwalisha watoto wake mlima ukiwa mkavu. Hakuna kilichochukua nafasi ya msimu huo.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Rwanda ina utaratibu mzuri kwa hifadhi za taifa: tangu mwaka 2005 asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi hizo ilirudishwa kwa wananchi wanaozizunguka, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa asilimia 10. Ndiyo sababu jirani wa sokwe wa milimani Musanze anaweza kukuonyesha shule au tangi la maji lililojengwa kwa fedha hizo. Lakini Rugezi si hifadhi ya taifa. Mama huyu anaishi kando ya mali inayozungusha mitambo miwili ya umeme, na mgao ule haumfikii.

Njiani shemeji alilirudia jambo hilo kwa lugha ya sokoni. "Shemeji, hakuna mfanyabiashara anayeweka mzigo wake kwenye stoo ya mtu bure. Kodi ya stoo iko wapi?"

Nakubaliana naye. Kufunga kinamasi kulikuwa lazima; bili za mwaka 2005 na 2006 zilikwisha kutufundisha. Ila ulinzi unaotegemea amri peke yake hudumu kadiri amri inavyosimamiwa. Ulinzi unaodumu zaidi ni ule ambao jirani wa kinamasi anauona kwenye sufuria yake. Zipo njia zilizokwisha kuanza: ufugaji wa nyuki, kusuka mikeka na vikapu, kazi ya kulinda na kuhesabu ndege inayofanywa na vijana wa vijiji vya pembeni, na wageni wachache wanaolipa mtumbwi kama sisi. Bado ni kidogo ukilinganisha na kilichookolewa.

Sebeya ni jirani yetu

Msomaji wa Gisenyi anaweza kusema hayo ni mambo ya Burera. La hasha. Sisi nasi tuna stoo yetu iliyotobolewa, na mto wake unaitwa Sebeya.

Sebeya unatoka milima ya Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Miradi ya ng'ombe na misitu ya kupandwa ya miaka ya 1980 iliumega. Baada ya mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa ndani na sisi tuliorudi kutoka nje, tukiwa hatuna pa kuweka jamvi. Wengi walipewa au walijikatia viwanja humo, kwa sababu mtu lazima alale mahali na watoto lazima wale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu ulikuwa umebaki hekta zinazokadiriwa kufika 600. Milima ile mikali ikabaki uchi.

Tangu hapo kila mvua kubwa huja na udongo. Kiwanda cha maji cha Gihira, kinachotegemewa na mji wetu, huchota maji ya Sebeya, na mto ukiwa tope bomba la nyumbani nalo huona shida. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ndio uliotuonyesha mwisho wa hesabu hiyo. Mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na hapa Rubavu Sebeya ulivunja kingo zake na kuingia ndani ya nyumba watu wakiwa wamelala.

Kabla ya hapo kazi ya kurekebisha ilikuwa imeanza. Gishwati na Mukura vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2015, na upande wa Gishwati umerudi kufikia hekta kama 1,500. Matuta yamechimbwa katika bonde la Sebeya na mabwawa ya kupunguza kasi ya maji yamejengwa. Rugezi inatuonyesha kwamba kazi ya namna hiyo hulipa, ila inachukua miaka, na haiishi kwa kukata utepe.

Ukitaka kwenda

Kwa anayetoka Gisenyi, Rugezi ni safari ya siku mbili ukitaka kuona ndege bila haraka, kwa sababu lazima uwe majini mapema asubuhi. Malazi ya kawaida yanapatikana Butaro au Musanze. Beba koti, anayetoka kwenye joto la ufukweni hushangaa baridi ya mita 2,000. Vaa viatu vya mpira, na kama una darubini usiiache nyumbani.

Pita kwanza kwenye ofisi ya sekta ujitambulishe, kisha tafuta mwenyeji anayejua njia za mtumbwi. Usiingie mwenyewe kwa mguu kwenye majani yanayoelea, maana mkeka ule una mahali unapobeba mtu na mahali usipombeba. Usikaribie kiota, usiguse yai, na yeyote atakayekunong'oneza kuwa ana kifaranga cha umusambi cha kuuza, mpe jibu ambalo ungempa anayekuuzia mzigo wa wizi. Patana bei ya mtumbwi kabla ya kupanda, ulipe bila kubana sana. Nunua mkeka au asali kwa wenyeji wa kandokando.

Asiye na nafasi ya kupanda hadi Burera anaweza kuwaona imisambi akiwa Kigali, pale Umusambi Village, au kutembea katika bustani ya kinamasi ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022 baada ya eneo lililokuwa limeharibiwa kufufuliwa.

Ufukwe wa Gisenyi hautahama. Kwa wafanyabiashara wenzangu wanaopakia viazi na maharage Burera kila wiki, nina ombi moja la ziada. Siku moja mzigo ukichelewa kufungwa, usikae kwenye gari ukilalamika. Muulize mkulima anayekuuzia shamba lake liko upande gani wa matuta, na alilima wapi kabla ya mwaka 2005. Halafu ukumbuke majibu yake wakati wa kupatana bei.